Nyama Iliyoiva Bila Moto

Kila Jumamosi alasiri wapangaji wa ghorofa ya pili walikusanyika chumbani kwa fundi cherehani, kila mmoja na alichopika wiki ile. Fundi alisukuma cherehani yake ukutani, akatandika gazeti juu ya meza ya kukatia vitambaa, mabakuli yakapangwa. Kinyozi alileta mayai aliyoyapasulia moja kwa moja ndani ya maji ya moto, jaribio lake la kwanza, na mengine yalikuwa yametawanyika kama povu la sabuni. Mwalimu mstaafu alileta vitunguu alivyovikaanga kwa moto mdogo mpaka vikawa vitamu.

"Usivikimbize tu," alieleza.

"Mwenye pensheni ndiye wa kusema hivyo," kinyozi akajibu.

Sahani zilikuwa zinagawiwa alipoingia wifi yake fundi, ambaye walimzika mwezi uliopita. Alibeba sufuria yenye mfuniko. Mkono mmoja wa gauni lake ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko.

"Hodi jamani. Samahanini, nimechelewa."

"Karibu, wifi. Ndiyo kwanza tunaanza," fundi akasema, akamsogezea kiti.

Mumewe, kaka yake fundi, alimtazama. "Huko unakula?"

"Nakula. Wewe ndiye umekonda."

Akampakulia yeye kwanza. Nyama ilikuwa laini, inaachana na mfupa kwa kuguswa tu. Mwalimu alitafuna huku amefumba macho. Kinyozi akaomba afundishwe.

"Siku hizi situmii moto," marehemu akasema. "Naipakata sufuria tangu asubuhi, natulia nayo mpaka iive."

Baba mwenye nyumba, ambaye hakukosa Jumamosi yoyote na alikuja na kijiko chake mwenyewe, aliacha kutafuna.

"Bila gesi kabisa?"

"Bila gesi."

"Basi lile bomba la gesi la jikoni halina haja ya kutengenezwa."

Bomba lile lilikuwa linavuja tangu mwaka jana. Kila walipomwambia, alijibu kwamba mtu wa kulitengeneza yuko njiani. Ndipo asubuhi moja marehemu akawasha kiberiti achemshe chai.

"Bomba hilo ndilo lililomuua," fundi akasema.

"Najua. Pole sana, mama," mwenye nyumba akamwambia marehemu, akajiongezea nyama.

Wiki iliyofuata wote walijaribu. Mwalimu alilala na sufuria kifuani. Kinyozi alijifunga yake tumboni, akanyoa wateja hivyo hivyo. Maji yalipata uvuguvugu, nyama ikabaki mbichi. Jumamosi walimlalamikia marehemu.

"Kwenu haitawezekana," aliwaambia kwa upole. "Bado mnapumua. Na muendelee kupumua."

Mwenye nyumba alisema hawajajitahidi vya kutosha. Kwa Jumamosi iliyofuata marehemu alipangiwa supu, akakubali. Mumewe alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akarudi na sufuria tupu, akaiosha.

Jioni fundi aliingia jikoni. Alifungua madirisha yote, akanusa, akangoja, akanusa tena. Watoto wake walikuwa wanaulizia chakula. Akawatoa nje, akawapeleka mwisho wa korido, akarudi, akafunga mlango, akawasha kiberiti.