Bunduki Fupi ya Mzee Verlin

Roxanne aliingia kwa baba yake kama alivyoingia kila Jumamosi mchana, bakuli la makaroni ya jibini mkononi. Jikoni hakufika. Kidoti chekundu cha mwanga wa kulengea bunduki kilikuwa kimetua kifuani pake, na mzee alikuwa amejibanza nyuma ya kochi.

"Simama hapo hapo," alisema mzee.

Akasimama. Nani asingesimama? Mtutu ulimtazama kutoka juu ya mto wa kochi, na bunduki yenyewe aliijua vizuri. Mzee Verlin aliwahi kubeba ya namna hiyo jeshini, ile inayomwaga risasi kama bomba lililopasuka. Alipostaafu akanunua hii ya kiraia, umbo lile lile, fupi, rahisi kugeuka nayo kwenye korido, ila hutoa risasi moja kila kifyatulio kikivutwa. Ya kulinda nyumba, alisema, na pale mjini Enid, Oklahoma, hakuna aliyemshangaa, maana nusu ya mtaa wanazo. Moja kila mara, haya, lakini moja si inatosha, jamani? Na magazini yake, kile kikasha cha risasi, hubeba thelathini.

Tangu Januari daktari alikuwa amesema mzee ana ugonjwa wa kusahau, na hautapona. Curtis, kaka yake Roxanne, alipiga simu kutoka Denver akamwambia aiondoe ile bunduki. Roxanne akasema wiki ijayo. Kumwomba mwanamume wa Oklahoma bunduki yake ni sawa na kumwomba avue suruali barabarani, naye akaona haya. Ngoja ngoja yake ndiyo iliyomfikisha hapa.

"Baba, ni mimi. Roxanne."

"Jina la mwanangu umelipata wapi?" Kidoti kikapanda kooni. "Umemfanya nini?"

Alitaka kulia, akaogopa hata kulia. Simu ilikuwa mfukoni, lakini polisi wakimkuta mtu na bunduki mkononi hawaulizi ana miaka mingapi. Wangemuua baba yake mbele ya macho yake. Akirudi nyuma, atapigwa. Akisogea mbele, pia atapigwa.

Ndipo akaiona mikono ya mzee. Kidoti kilikuwa kinachezacheza shingoni mwake kwa sababu mikono ile ilitetemeka. Uso ulikuwa mweupe, midomo imekauka. Mzee alikuwa na hofu kumshinda yeye, na huenda alikuwa ameshinda nyuma ya kochi lile tangu asubuhi, peke yake, akingoja watu wasiokuwepo. Roxanne akamhurumia.

Mtu huyu, king'ora cha kimbunga kilipolia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka na gari kuwatafuta majirani. Huyo huenda bado yumo ndani ya mzee.

"Samahani, mzee," akasema polepole. "Mimi ni jirani. Kuna mtu kaingia nyumbani kwangu. Niko peke yangu, sina silaha. Ninaogopa sana."

Neno la mwisho halikuwa uongo.

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye mto, akamtazama vizuri. Kisha kidoti kikashuka tumboni, miguuni, kwenye zulia. Akauliza ni wangapi, wameingilia mlango gani. Roxanne akajibu lolote lililomjia. Mzee akainuka kwa shida, akafunga kidude cha usalama kwa kidole gumba bila hata kutazama, akamnyooshea bunduki, kitako mbele.

"Kidole kikae nje ya kifyatulio, bibie, mpaka uwe na hakika unampiga nani."

Roxanne akaweka bakuli chini, akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ya moto pale mikono ya mzee ilipokuwa imeishika.

"Na wewe utabaki na nini?" akauliza, kwa kuwa jirani wa kweli angeuliza hivyo.

"Sina kingine." Mzee alitazama dirishani, akarudisha macho kwake, na macho hayo hayakumjua hata kidogo. "Lakini wewe nenda. Nina binti yangu naye anaishi peke yake. Siku akibisha kwa mtu akiwa na hofu, nataka afunguliwe."

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Akafunga mlango nyuma yake, komeo la juu na la chini, na Roxanne akamsikia akirudi kujikunja nyuma ya kochi, mikono mitupu.