Sabuni Nusu Kopo

Utando wa kijani wa majira ya baridi ulikuwa umeifunika baraza yote ya mbao ya nyumba yao ya ziwani, na Oiva aliutazama kama mtu anayemtazama hasimu wake. Binti yao Marketta alikwisha kutoa hukumu kwa simu: Mama amepasuliwa nyonga juzi tu, na kama baraza inateleza, basi hakuna kwenda ziwani mwaka huu. Atakaa mjini, kwenye fleti, kiangazi chote. Jumamosi angemleta ili waione, ndipo aamue.

Tangu waoane, mkewe Saimi hakuwahi kukosa kiangazi pale. Na Oiva, aliyetangulia peke yake, alikuwa anakula viazi vitupu na kusemezana na birika la kahawa.

Akapiga magoti. Sabuni ya msonobari hutosha kijiko kwa ndoo nzima. Oiva, kwa mapenzi, alimimina nusu kopo. Alisugua mpaka mgongo ukakataa kunyooka na mbao zikang'aa rangi ya asali. Hakuzisuuza sana. Saimi aliipenda harufu ile kuliko manukato, naye alitaka aikute.

Jumamosi wakaja na manyunyu. Marketta alipanda kwanza, kujaribu. Miguu ikamtoka, akakaa chini kwa kishindo, akateleza hivyo hivyo hadi mlangoni.

Ndani ya gari Saimi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akashusha kioo.

"Oiva, umetia sabuni kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo cha watu, au kidogo chako?"

Marketta aliinuka akijipangusa, akasema ameona ya kutosha, wanarudi mjini. Oiva hakubisha. Alisimama ameshika brashi, kichwa chini.

"Wewe rudi," Saimi alimwambia. "Ila kwanza niletee mchanga wa ufukweni."

Alieleza kwamba bibi yake Marketta alisugulia mchanga sakafu ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Mchanga hula sabuni na kuupa ubao mkwaruzo kidogo, usiteleze. Akakalishwa kwenye kiti chini ya mti wa mbetula, akaamrisha kwa mkongojo. Pale, si hapo. Katikati mmeruka. Marketta alisugua, Oiva akamwaga maji ndoo kwa ndoo, na baada ya muda wakaanza kutaniana nani anasugua kivivu.

Manyunyu hayakukoma, na mbao zilikuwa bado majimaji Saimi alipovua viatu. Alikataa mikono yao yote miwili. Akaenda pole pole kwa mkongojo, nyayo zikishika, mpaka ukingo unaotazama ziwa, akageuka.

"Mnashangaa nini? Tieni kahawa."

Marketta alimwomba baba yake amsaidie kitu kwenye buti la gari. Ndani kulikuwa na godoro la Mama, mito yake na masanduku mawili.

"Nilibeba tu," Marketta alisema, bila kumtazama. "Shika huko, Baba. Zito hili."