Tendo la Tatu

Mama akisali rozari, kila tendo hulitolea nia. La kwanza ni la marehemu baba. La pili, wagonjwa wa parokia. La tatu ni la Bertilla, mdogo wangu anayefanya biashara kule mpakani Kasesya, Mungu amwepushe na malori. La nne na la tano, Bertilla tena, pamoja na wateja wake. Mimi Avelina, ninayemshikia rozari tangu kiharusi kiupoozeshe mkono wake wa kulia, sijawahi kupata hata Salamu Maria moja.

Niliona wivu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayefua mashuka kwa maji ya baridi ya Sumbawanga, ninayemlisha uji wa ulezi mpaka wangu unapoa. Nilitaka jina langu litajwe, basi.

Alhamisi jumuiya ilikuja kusali kwetu, na Bertilla naye akafika na blanketi jipya. Mama akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Wanawake wakalipapasa lile blanketi.

"Una mtoto wewe, Mama Avelina!"

Hata jina langu alikuwa amelichukua Mama.

Mwenyekiti wetu, Mzee Leonidas, akauliza nia za sala. Wakaombea mvua, wakaombea mgonjwa, wakaombea safari ya Bertilla. Mdomo ukanitangulia.

"Mniombee na mimi. Nimechoka. Na huyu mdogo wangu namwonea wivu."

Mtu akakohoa. Bertilla akainama kuangalia viatu vyake. Mzee Leonidas, mstaarabu wa watu, akaanza, "Kwa ajili ya dada yetu Avelina," nao wakaitikia. Nililia kwa aibu na hasira.

Walipoondoka, Mama akamwambia Bertilla, "Kasesya haihami. Wewe baki. Dada yako aende Mwimbi kwa shangazi yenu, akalale mpaka Jumapili."

"Mama, mbona mimi huniombei?"

"Naombea walio mbali. Wewe si upo?"

Jibu halikunitosha. Nikafunga mfuko wangu, nikaaga. Nilipogeuka mlangoni nikamwona Bertilla kwenye kigoda changu, kashika kijiko changu, na wivu ukanirudia mzima mzima. Nikatamani amwage uji.

"Siyo hivyo," Mama akamwambia. "Avelina huniinua kwanza. Avelina huupoza. Hee, kidevu! Avelina hunifuta. Muulize Avelina."

"Dada, njoo unionyeshe basi!"

Nikamjibu kwamba gari linanisubiri. Hakukuwa na gari. Nilizunguka nyumba, nikasimama chini ya dirisha na mfuko wangu begani, nikisikiliza Avelina, Avelina, mpaka uji ukaisha.