Kugeuza na Gari

Niliota usiku wa jana kwamba mafuta yamepanda bei tena na mimi niko kituoni Banana, nawahi kazini. Kazini kwangu ni wodi ya watoto. Mwenzangu Hidaya alikuwa zamu ya usiku, na mwanawe ana homa nyumbani, ila muuguzi hatoki mpaka wa kumpokea afike. Wa kumpokea ni mimi, na roho ilikuwa juu.

Nikafanya tunavyofanya wote: nikapanda basi linalorudi Gongo la Mboto, linakoanzia safari, ili nigeuze nalo, nipate kiti. Nauli unalipa mara mbili, lakini miguu inapona.

Ndani hamna mtu. Nakaa. Kiti kinaniuliza kama nageuza. Nakijibu ndiyo.

"Basi shuka ugeuze," kinasema. "Dizeli ya kugeuzia hatuna. Siku hizi anageuza abiria."

Nashuka, naligeuza basi kama chapati, nikiogopa lisiungue upande mmoja. Narudi kukaa, nahema. Basi haliondoki. Kiti kinanieleza kwamba kwa bei hizi basi haliendi kazini, kazi ndiyo inakuja.

Kweli, hospitali inakuja barabarani polepole. Inapanda, inasimama, inashika bomba. Inanikanyaga, inaniomba radhi. Hidaya yuko dirishani ghorofa ya pili, macho mekundu.

"Da Sikudhani, nipokee," anasema. "Mtoto wangu anawaka moto."

Najaribu kuinuka, kiti kinanishika kiuno. Kinasema nikiinuka leo, nitasimama mpaka nistaafu. Naona aibu kusema, lakini nilikaa kidogo nikafikiria. Kisha huruma ikanizidi, nikajing'oa.

Hidaya akaketi palepale. Akanitia ufunguo wa kabati la dawa kiganjani, kama tunavyokabidhiana siku zote. Nikashuka na hospitali yangu, na lile basi lisilokwenda popote likatoka kasi kumpeleka kwao.

Simu ikaniamsha. Alikuwa Hidaya. Akasema amefika, joto limeshuka, mtoto anakunywa uji.

"Asante kwa kiti, dada."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi bado niko kitandani, nimuulize wodini amebaki nani. Jua lilikuwa limeshapanda, watoto wanasubiri dawa za asubuhi, na nilipofumbua ngumi yangu ya kulia, ufunguo wa kabati ulikuwemo.