Mahali Pasipo na Mlango

Binti aliwadanganya wote wawili kwa adabu kubwa. Mama yake, msusi, aliambiwa shangazi haji. Shangazi yake, muuguzi, aliambiwa mama ana wateja. Ilikuwa safari yake ya kwanza kama mwalimu wa kayaki, mwajiri alitaka wanafunzi wasiopungua watatu, na yeye alikuwa amempata mmoja tu, bwana mmoja mwoka mikate. Mawifi hao walipokutana ufukweni, wamevaa majaketi okozi ya rangi moja, kila mmoja aliisalimia bahari.

Hawakuwa wakisemezana tangu mazishi ya mtu aliyewaunganisha, mume wa mmoja na mdogo wa mwingine. Si kwamba hawakujaribu. Ila kila ugomvi ulipoanza kunoga, mmoja alisusa, akabamiza mlango, akaenda zake. Milango ya ukoo ule ilikuwa imechoka.

"Kayaki ni mtumbwi mwembamba, haitaki ubishi," binti aliwaeleza. "Legeza kiuno, iache icheze chini yako. Ukijikaza, inakumwaga. Mkichoka kwenye mawimbi, sogezeni mbili ubavu kwa ubavu, lazeni makasia juu ya zote, kila mtu aishike kayaki ya mwenzake na amwegemee. Hapo hampinduki. Akiachia mmoja, mmeoga wote."

Msusi aliitikia huku akijichagulia mwenzake wa kuegemea. Alimchagua mwoka mikate, mtu mnene aliyetulia kama gunia.

Walipofika katikati ya mkondo wa kwenda kisiwani upepo ukageuka. Mawimbi yakaja hovyo hovyo, gunia likatapika, na kasia likalitoka mkononi. Binti akaifunga kamba kayaki ya mwoka mikate na kuanza kumvuta kuelekea kisiwani.

"Mama! Shangazi! Shikaneni mpumzike, narudi sasa hivi!"

Msusi akaendelea kupiga kasia peke yake. Mikono iliyosuka vichwa vya watu maisha yake yote ikaanza kufa ganzi, kayaki ikayumba, naye akaogopa, akaogopa kweli kweli. Kulikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuzama au wifi. Alilifikiria la kuzama kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Lete hiyo kayaki," wifi akasema, akitazama pembeni.

Wakashikana, lakini kwa kununa, mkono mmoja mmoja, kila mtu kajivutia upande wake. Wimbi likapita katikati yao, kayaki zikataka kuachana, na maji yakawajaa mapajani.

"Niegemee!" wifi akafoka.

"Niegemee wewe!"

Wimbi lililofuata halikuwa na muda nao. Wakalaliana, kila mmoja kifua juu ya kayaki ya mwenzake, na kayaki zikatulia, zikawa zinapanda na kushuka pamoja. Mikono ikaanza kupata nguvu. Ndipo ugomvi ulipoanza rasmi.

"Mimi ni muuguzi," wifi akasema. "Nimeuguza watu baki mpaka mgongo umepinda. Mdogo wangu mwenyewe naitwa kuja kumzika!"

"Kila nikitaka kukueleza unasusa."

"Nieleze sasa. Hapa nitasusia wapi?"

Msusi akavuta pumzi. "Alinikataza. Alisema, 'Akija dada nikamwona usoni, nitajua siponi.' Hakutaka kujua, wifi. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anapanga kupaka rangi sebule."

Vidole vya wifi vikalegea, kayaki ikainama, na msusi akamdaka kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu zote.

"Usiniachie!"

"Siachii," wifi akasema, na akashika tena. Alikuwa analia. Mkono wa kujifutia hakuwa nao, basi akalia hivyo hivyo, wazi, puani na kidevuni.

Baadaye akauliza, "Alichagua rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani! Sebuleni!"

"Na mimi sikuwa na mtu wa kunisaidia kumkatalia."

"Ukuta uko vile vile?"

"Uko vile vile."

"Jumamosi nakuja. Siji kupatana. Nakuja kupaka hiyo kijani yake."

Binti aliporudi, hana pumzi, upepo ulishalala na maji yalikuwa yametulia tuli.

"Kumetulia," akasema. "Mnaweza kuachana sasa."

Hakuna aliyeachia.

"Tuvute hivi hivi," mama yake akamwambia. "Hatujamaliza kugombana."