Damu ya Eruera

Profesa alichora ukoo wetu kwenye karatasi kubwa, akaibandika mbele ya Jaji. Juu babu, chini yake baba yetu marehemu, Eruera, na chini kabisa mdogo wangu Tamahou, ambaye siku hiyo alikuwa kizimbani kwa kumvunja taya mkewe, Arihia. Kosa alishalikiri. Kilichobaki ni miaka ya kifungo.

"Jeni ya ukali," profesa akasema, akishusha kalamu jina hadi jina. "Babu alifungwa kwa kupiga watu. Baba alifungwa mara mbili. Kijana huyu amerithi tu, hakuchagua."

Wakili wetu alishatuambia kwamba karatasi ile ingeweza kupunguza miaka mitano ikawa miwili. Lakini karatasi ilikuwa na uongo, na uongo wenyewe tuliutoa sisi, tena bila kukusudia. Profesa alipokuja nyumbani alimwuliza mama, "Baba yake nani?" Mama akajibu, "Eruera." "Na mama yake?" "Mimi, nani mwingine?" Kwetu mtoto wa kulea, whāngai, haulizwi alitoka tumbo gani. Tamahou aliletwa akiwa na wiki sita kutoka mji wa Ōpōtiki, kwa binamu yake mama, na baba aliyemzaa ni mkulima wa viazi vitamu, mpole mpaka mbwa wanamdharau. Lakini thubutu kumwambia mama hakumzaa, atakutimua na mwiko. Basi profesa, mzungu yule, akaandika alichoambiwa.

Damu ya Eruera ninayo mimi, peke yangu, na mkono sijamnyanyulia mtu. Alichorithi Tamahou alikirithi mezani, kila Ijumaa, mama akipigwa na sisi tukiambiwa tule.

Haki ya Mungu ningenyamaza. Lakini wakati wa mapumziko Arihia alinifuata nje, ana mimba ya miezi mitatu, anaongea kwa meno yaliyofungwa waya.

"Wifi, umemsikia yule? Kwa hiyo na huyu wangu atakuwa hivyo hivyo?" Akashika tumbo. "Jumatatu naenda kuitoa."

"Usiende! Tamahou si damu ya Eruera. Alilelewa tu."

"Leo ndiyo unaniambia? Miaka minne mnaniambia ataacha, ataacha. Kaseme mbele yao, ndipo nitakuamini."

Nikarudi ndani, nikamwinamia mama. "Mama, waambie Tamahou ulimlea."

"Nyote niliwalea. Kaa chini."

"Arihia anataka kutoa mimba kwa ajili ya ile karatasi!"

"Atabeba nyingine. Mimi na kifua hiki, miaka mitano nitaiona? Unataka mwanangu aje kunizika na pingu? Kaa chini, Mereana!"

Sikukaa. Jaji aliporudi nilisimama, mama akanivuta sketi, nikasema hivyo hivyo nikivutwa. "Mheshimiwa, huyu si mtoto wa Eruera. Mtoto wa Eruera ni mimi. Kama ni damu, nipimeni mimi."

Wakili akajifunika uso. Profesa akamwuliza mama kama ni kweli, na mama, ambaye hajawahi kudanganya mbele ya Jaji, akalia tu. Ikatosha. Karatasi ikabanduliwa.

Tamahou akanitazama kutoka kizimbani. "Dada, sasa nina kisingizio gani?"

"Huna," nikamwambia.

Alipewa mitano. Mlangoni mama alinipita kama hanijui.

Arihia alikuwa akinisubiri kwenye ngazi. Nilimkimbilia nikidhani angalau huyu nimemwokoa.

"Jumatatu siendi," akasema. "Nitamzaa."

"Mungu mkubwa! Mama atafurahi. Mjukuu wa kwanza kwetu hulelewa na bibi, unajua."

"Wifi, si umesema mwenyewe haikuwa damu? Basi ilikuwa ile nyumba yenu. Mwanangu hatakanyaga pale."

Akashuka ngazi.