Bao la Shemeji

Nilikuwa nimeshavuka barabara, wavu wa goli begani, nusu yake ikiburuzika nyuma yangu na kuzoa makaratasi ya njiani, ndipo waliponiona. Kwanza walicheka. Walidhani natania.

"We kipa!" kinyozi akapaza sauti kutoka uwanjani. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wetu. "Mpira haujaisha!"

"Kwangu umeisha!"

Nyuma yangu goli letu lilibaki miti mitupu. Wavu niliusuka mwenyewe na ulikuwa wangu. Niliuchomoa kwenye ndoano zake wao wakiwa bado wanakumbatiana kushangilia, na hakuna aliyegeuka hata kuniuliza nafanya nini. Walishangilia kiasi hicho.

Nieleze vizuri. Kila Jumapili asubuhi tulicheza kwenye uwanja ulio nyuma ya bohari la mbao, wanaume wa makamo, vitambi mbele, magoti yanalia kama bawaba kavu. Refa hatukuwa naye. Sheria yetu ilikuwa moja: aliyekosa ananyoosha mkono mwenyewe. Umemkwatua mtu, mkono juu. Umenawa mpira, mkono juu, hata kama hakuna aliyekuona. Basi, mpira unawekwa chini, mchezo unaendelea.

Mimi nimecheza kwenye miji mingi, kwenye vumbi, kwenye lami, kwenye ua wa kiwanda cha sabuni. Kote nimeona baba za watu wakikunjana mashati kwa ajili ya kona. Pale tu ndipo sikuona. Nilifika mji ule kumsalimia dada yangu, nikasema nakaa wiki moja. Nikakaa miaka. Hakukuwa na kitu kingine cha kunishika, ni Jumapili zile tu.

Sasa Jumapili hiyo tulialika wageni, watu wa kiwanda cha mikate. Kinyozi akawakusanya kabla ya kuanza, kifua mbele, akawaeleza sheria yetu. "Hapa hatulalamiki, jamani. Mwenye kosa anajitaja." Wakakubali. Kipindi cha kwanza, bonge mmoja wa kwao, fundi wa kukanda unga, akanyoosha mkono kwa mpira uliomgusa kidole tu. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona. Tulimpigia makofi.

Kipindi cha pili ikaja krosi. Shemeji yangu, mume wa dada, akaruka kama kuku anayevuka ua, akausukumia mpira golini kwa kiganja. Kiganja chote! Mimi nilikiona kutoka upande wa pili wa uwanja, na macho yangu hayakuwa ya ujana tena.

Wageni waliacha kukimbia. Walisimama wakamtazama, wakingoja. Shemeji akanyoosha mikono yote miwili na kukimbia kwa furaha. Kipa wao akauweka mpira chini apige adhabu, akidhani jamaa amejitaja. Kisha akaelewa. Akauokota taratibu, akaupeleka katikati.

Shemeji alinifikia barabarani akihema, kiatu kimoja kimefunguka.

"Shemeji, unaniaibisha mbele za watu."

"Umejiaibisha mwenyewe. Umenawa."

"Uligusa mkono kidogo tu."

"Kidogo? Ungekuwa unga, tungekula mkate!"

Kinyozi naye akafika, akanivuta pembeni. "Kaka, punguza moto. Unajua huyu tunamwita Nusura kwa sababu gani. Tangu tumjue, kila shuti lake nusura liingie. Mtu ana miaka hamsini na hajafunga hata bao la kuchekea. Tumwachie hili. Linamdhuru nani?"

"Wageni je?"

"Mbona hawajalalamika?"

"Wewe ndiye uliyewaambia wasilalamike!"

Nikaenda zangu.

Nyumbani kwa dada nilikuwa nalala chumba cha uani, kati ya viroba vya vipande vya vitambaa, maana shemeji alikuwa fundi cherehani. Jioni dada akanijia na sahani mkononi, akaiweka chini kwa nguvu.

"Mume wangu anaoga anaimba, kaka. Unamsikia? Miaka sijamsikia akiimba. Ukimharibia hili, tafuta pa kulala."

"Amewaibia watu, dada."

"Mpira! Mizee mizima, mpira!"

Asubuhi nikaenda kiwanda cha mikate, mlango wa nyuma. Nikamkuta yule bonge, unga hadi kwenye viwiko.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia. "Lile bao."

"Aa, lile. Tuliona wote."

"Sasa mbona mlinyamaza?"

Hakuwa na hasira hata chembe. "Tulidhani kwenu wanaonyoosha mkono ni wageni tu," akasema, akarudi kwenye donge lake la unga.

Heri angenitukana. Nilitoka pale damu imenipanda kichwani, nikaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa shemeji. Alikuwa na mteja anapimwa suruali. Sikujali.

"Nenda kawaambie ulinawa. Leo."

"Siendi."

"Basi sema mbele yetu Jumapili."

Akamwomba mteja asubiri nje. Akakaa kwenye kiti chake, mguu juu ya pedali, bila kushona.

"Wewe umetembea, shemeji," akasema. "Una hadithi za kila mji. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki tangu nina nywele. Nina bao moja. Niachie."

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini huruma haikuiondoa hasira, ziliketi pamoja tu.

"Kaa nalo," nikamwambia. "Mimi sidaki tena."

Dada hakuwa anatania. Jioni ile begi langu lilikuwa mlangoni.

Watu wa mikate hawakuja tena. Baada ya mwezi mtu alinawa, hakunyoosha mkono, akaulizwa, akajibu, "Kwani Nusura alinyoosha?" Kinyozi akanunua filimbi, akamweka mwalimu wa hesabu kuwa refa. Wakamkunja shati, naye akaacha. Siku hizi uwanja ule unaegeshwa malori. Kinyozi alipata kisukari, anaishi kwa binti yake. Yule bonge ana tanuri lake mwenyewe. Shemeji macho yamechoka, cherehani ameiuza. Nasikia wageni wakija huwasimulia lile bao, na kwamba alilipiga kwa kichwa. Mimi nilihama mji ule, nikahama na uliofuata. Nimepanga chumba jirani na wachomeleaji, na bado nimekasirika. Dada hupiga simu mara mojamoja. Tunaulizana afya, tunakata.